Wanefi waliishi wapi? Majibu manne kwenye mizani moja

Binamu yangu anakaa Nairobi. Kwa miezi kadhaa sasa anatembelewa na wamisionari wawili wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, vijana wadogo kabisa wanaoitana "Mzee" bila hata kutabasamu. Wamemwachia Kitabu cha Mormoni cha Kiswahili, akakisoma, akakipenda. Ila yeye ni mpima ardhi, na swali alilonipigia nalo simu lilikuwa la kazini kwake: "Kaka, hii miji iko kwenye ramani gani?"

Nilimwahidi jibu la maandishi. Limerefuka, kwa sababu ramani zipo kadhaa na wanaozitetea hawakubaliani wao kwa wao.

Tuanze na kitabu chenyewe. Joseph Smith alisema malaika Moroni alimtokea mwaka 1823, akamwambia habari za mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa kwenye kilima kisicho mbali na kwao, jimbo la New York. Alichosema ni tafsiri ya mabamba hayo kilichapwa Palmyra mwaka 1830, nakala 5,000. Humo familia ya Lehi inaondoka Yerusalemu mnamo mwaka 600 KK, inakatiza Uarabuni, inaunda merikebu na kuvuka bahari mpaka Amerika. Wazao wake wanagawanyika kuwa Wanefi na Walamani. Wanajenga miji, wana panga za feleji, farasi na magari, ngano na shayiri, na wanaandika kwa namna ya Kimisri. Mwisho unafika kwenye kilima Kumora, karibu mwaka 385 BK, ambako Wanefi wanapoteza vikosi 23 vya watu elfu kumi kumi. Na kabla yao walikuwapo Wayaredi, waliotoka kwenye Mnara wa Babeli, ambao mashujaa wao waliouawa kitabu kinawahesabu karibu milioni mbili.

Hao si watu wachache. Lakini hakuna mji hata mmoja wa Wanefi uliotambuliwa na wanaakiolojia wasio waumini, wala jiwe lenye jina la mfalme wao. Farasi walikwisha Amerika takribani miaka 10,000 iliyopita, wakarudi na Wahispania. Kuyeyusha madini huko Mexico kulianza karne kadhaa baada ya Wanefi kwisha.

Jibu la haraka ni kwamba mambo ya kale huoza. Kweli huoza, lakini si yote, na mfano mzuri uko Amerika hukohuko. Hadithi za watu wa Iceland zilidai kwamba mabaharia wao waliwahi kufika nchi ya magharibi waliyoiita Vinland. Mwaka 1960 Helge Ingstad na mkewe Anne Stine walipata mahali penyewe, L'Anse aux Meadows, kwenye ncha ya kaskazini ya Newfoundland, Kanada. Ni nyumba nane za matope na majani, za watu wachache waliokaa muda mfupi wakaondoka. Hata hivyo waliacha misumari ya chuma, mavi ya chuma ya mhunzi, pini ya shaba nyeusi ya kufungia joho, na kijiwe cha kusokotea uzi kinachokaa kiganjani. Kuna hata mti waliokata kwa shoka la chuma, ambao mwaka wake wa kukatwa umejulikana hasa: 1021. Mzani wangu ni huo. Kundi dogo liliacha kijiwe cha kusokotea uzi, basi taifa la miaka elfu moja lingetakiwa kuacha nini?

Jibu la kwanza: bara zima

Waumini wa mwanzo wengi waliamini kwamba Wanefi na Walamani walijaza Amerika yote, Kaskazini na Kusini, na "shingo nyembamba" ya nchi inayotajwa kitabuni ni Panama. Orson Pratt, mmoja wa mitume wao, aliweka maelezo ya namna hiyo kwenye chapa ya 1879, Lehi akitua Chile.

Sipotezi muda mwingi hapa. Vinasaba vya wenyeji wa Amerika vinaelekeza Siberia na Asia ya kaskazini-mashariki, si Yerusalemu. Kanisa lenyewe limerudi nyuma hatua moja: utangulizi wa chapa ya 1981 ulisema Walamani ndio mababu wakuu wa wenyeji hao, na kufikia 2007 maneno yalikuwa yamebadilishwa kuwa ni miongoni mwa mababu zao. Maneno machache tu yaliguswa, lakini yamebeba bara zima. Ukikutana na nakala ya Kiingereza ya zamani, ilinganishe na mpya, utaona kwa macho yako.

Jibu la pili: eneo dogo, Mexico na Guatemala

Hili ndilo jibu la wasomi wao. John Sorenson, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, alilipa umbo kamili mwaka 1985. Alipima safari zote zinazotajwa kitabuni, siku kwa siku, akasema nchi nzima ya Wanefi haizidi kilomita mia chache. Shingo nyembamba ni Tehuantepec, kusini mwa Mexico. Wengine wote walioijaza Amerika walikuwapo tayari, na kina Lehi walikuwa tone baharini, kiasi kwamba vinasaba vyao vilipotea humo.

Binamu, wewe kama mpima ardhi utalipenda hili, kwa sababu linatumia njia yako. Na lina mambo ya kweli ya kuonyesha. Eneo hilo lilikuwa na miji, kalenda, vita, na maandishi. Kitabu kinataja watu wanaojenga kwa saruji, jambo lililochekwa zamani, na Teotihuacan, mji wa kale wa Mexico, imejaa saruji. Mwaka 2018 vipimo vya leza kutoka angani vilionyesha majengo zaidi ya 60,000 chini ya msitu wa Guatemala, kwa hiyo idadi kubwa za watu si upuuzi.

Sasa bei yake. Tehuantepec ina upana wa kama kilomita 200, na kitabu kinasema Mnefi aliivuka shingo kwa siku moja na nusu. Tena shingo hiyo imelala mashariki-magharibi, bahari zikiwa kaskazini na kusini, wakati kitabu kinataka nchi za kaskazini na kusini na bahari za mashariki na magharibi. Sorenson alilitatua kwa kusema "kaskazini" ya Wanefi haikuwa kaskazini yetu. Jaribu kupeleka hati ya kiwanja yenye maelezo hayo ofisi ya ardhi.

Kuna suala la farasi pia. Watetezi husema majina hupotosha: mgeni humpa mnyama asiyemjua jina la yule anayemjua, basi farasi wa Wanefi huenda alikuwa paa, au tapiri, yule mnyama mwenye pua kama mkonga mfupi. Sisi tusicheke haraka. Tunaita mahindi nafaka iliyotoka Mexico, kana kwamba ilitoka India, na hakuna anayeshtuka. Hoja ina mguu wa kusimamia. Ila jina la mahindi ndilo lililokosea, gunzi halikukosea. Mchimbaji akilifukua atajua ni zao la Amerika, tuliite tunavyotaka. Vivyo hivyo kwa farasi: badili jina lake, bado tunatafuta mnyama anayetajwa sambamba na magari. Veracruz wamefukua vinyago vya udongo vyenye magurudumu, vya kuchezea, lakini gari la kupanda mtu halijaonekana.

Halafu maandishi. Ya Wamaya, wenyeji wa kale wa eneo hilo, yanasomeka leo. Tunajua majina ya wafalme wao, siku walizotawazwa, waliowateka na waliowatoa kafara. Hakuna Nefi, hakuna Zarahemla, mji mkuu wa Wanefi kitabuni, hakuna Kiebrania wala Kimisri.

Na waumini walitafuta kwa dhati. Mwaka 1952 mwanasheria wa California, Thomas Stuart Ferguson, alianzisha taasisi ya uchimbaji, na katika miaka hiyo ya 1950 kanisa likaitilia fedha kwa ajili ya kazi huko Chiapas, kusini mwa Mexico. Matokeo yake yanachekesha kidogo na yanahuzunisha kidogo. Taasisi ile iliandika baadhi ya ripoti bora kabisa kuhusu Chiapas ya kale, zinazotumiwa na watafiti wa kila imani. Ferguson mwenyewe alizeeka akingoja jiwe lake. Mwaka 1976 aliandika kwenye barua kwamba jiografia ya kitabu haiwezi kuwekwa popote duniani, kwa sababu ni ya kubuni. Michael Coe wa Chuo Kikuu cha Yale, bingwa wa Wamaya asiye Mmormoni, alikuwa ameshasema mwaka 1973 kwamba hajui hata mtaalamu mmoja asiye muumini anayeona sababu ya kisayansi ya kukiamini kitabu kama historia. Aliyasema bila dharau. Alikuwa akiziheshimu kazi za wachimbaji wao.

Jibu la tatu: Marekani ya katikati

Wapo waumini waliochoshwa na Guatemala. Wanauliza: kama Kumora iko Mexico, mabamba yalifikaje New York? Jibu la kundi la pili ni kwamba Kumora ziko mbili, na Moroni, Mnefi aliyeyafukia kabla ya kumtokea Joseph kama malaika, aliyabeba mwenyewe safari hiyo yote. Kundi la tatu linasema Kumora ni moja, kilekile kilima cha New York kilichofukiwa mabamba, na Wanefi waliishi Ohio, Illinois na pande za Maziwa Makuu ya kule. Wanawataja watu wa utamaduni wa Hopewell, waliojenga vilima na maboma makubwa ya udongo karibu na wakati unaotakiwa. Wanataja pia kwamba mwaka 1834, wakipita Illinois, Joseph Smith alisema mifupa waliyoifukua kwenye kilima kimoja ni ya shujaa Mlamani aliyeitwa Zelph.

Kwa uaminifu kwa maneno ya mwanzilishi, jibu hili linalipita la pili kwa mbali, nami naona wenzao wasomi hawalitendei haki upande huo. Kwa udongo, ndilo dhaifu kuliko yote. Hopewell hawakuwa na maandishi wala miji ya mawe. Shaba yao waliiokota ikiwa safi, wakaigonga kwa nyundo, hawakuiyeyusha. Uvumi kwamba vilima vile vilijengwa na taifa lililopotea ulikuwa umeenea Marekani nzima enzi za Joseph Smith, na ripoti ya Cyrus Thomas wa Smithsonian, taasisi ya utafiti ya Marekani, ya mwaka 1894 iliuzika: wajenzi walikuwa mababu wa wenyeji walewale. Watetezi hukimbilia ukoo wa vinasaba uitwao X, wakisema umetoka Mashariki ya Kati. Lakini tawi hilohilo la X lilikutwa kwenye mifupa ya mtu wa Kennewick, jimbo la Washington, aliyekufa miaka kama 8,500 iliyopita. Lehi alikuwa bado miaka zaidi ya elfu tano hajazaliwa.

Hapo kuna kitu sijaona kikisemwa vya kutosha. Watetezi wana orodha ya vitu vilivyochekwa halafu vikapatikana, na orodha inavutia ukiisoma kwa mkupuo. Saruji? Imo. Shayiri ya Amerika, iliyolimwa kabla ya Columbus? Imo, ilitangazwa kutoka Arizona mwaka 1983, ingawa ni jamii nyingine, si ile ya Mashariki ya Kati. Maandishi kwenye bamba za dhahabu ndani ya sanduku la jiwe? Yamo, mfalme Dario aliyafukia Persepolis, yakafukuliwa 1933. Sasa vipange kwenye ramani. Saruji iko Mexico. Shayiri ile iko Arizona na mashariki mwa Marekani. Bamba ziko Uajemi. Mtetezi wa ramani ya kusini hana haki ya kuchota shayiri ya kaskazini, na wa kaskazini hana saruji. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa zimeshikwa tatu.

Uarabuni, mahali pa kutulia kidogo

Kipande kimoja kinastahili mizani yake peke yake. Kabla ya merikebu, kina Lehi wanashuka Uarabuni, na mzee Ishmaeli, aliyefuatana nao, anazikwa mahali paitwapo Nahomu. Kisha wanageuka mashariki mpaka pwani yenye matunda na asali ya mwitu. Wachimbaji wa Kijerumani walifukua Marib, Yemen, madhabahu za mawe za karne ya 7 au ya 6 KK, zenye jina la mtoaji, Bi'athar, wa watu wa N-H-M. Wakati ni wenyewe, na mahali panakaribia.

Anayejua Kiswahili cha herufi za Kiarabu anajua mchezo wa irabu: kitabu, katibu na maktaba zimejengwa juu ya mifupa ileile mitatu. N-H-M inaweza kusomeka Nahomu, inaweza kusomeka Nihm. Tatizo lingine liko kwenye h. Kwetu h ya hewa na h ya hakimu ni moja, Mwarabu anazo mbili. Ya madhabahu ni ile ya hewa. Neno la Kiebrania la kufariji, ambalo watetezi wanaliunganisha na maombolezo ya mabinti wa Ishmaeli, lina ile ya hakimu. Wapinzani wanaongeza kwamba ramani ya Carsten Niebuhr, aliyesafiri Yemen miaka ya 1760, tayari ilikuwa na jina la eneo hilo.

Kuhusu pwani yenye matunda, Mswahili wa Muscat aliyewahi kwenda Salalah, kusini mwa Oman, wakati wa kharifu, msimu wa mvua, hahitaji kuelezwa. Jangwa linakatika ghafla, milima inageuka kijani, kando ya barabara wanauza madafu na ndizi kama uko Unguja. Watetezi wanaonyesha Khor Rori na Khor Kharfot, zote za mkoa huohuo wa Dhofar, na siwezi kusema wamechagua vibaya. Hii ndiyo karata yao nzuri kuliko zote. Ila inaishia ufukweni. Inaweza kukufikisha Dhofar, haiwezi kukuvusha.

Jibu la nne: andiko bila historia

Kanisa la Jumuiya ya Kristo, lenye makao Independence, Missouri, lilitokana na wafuasi haohao wa Joseph Smith. Linakitumia Kitabu cha Mormoni kama andiko, lakini halimlazimishi mtu kuamini kwamba Wanefi waliishi. Hapo mwanaakiolojia anaweza kukunja vifaa vyake. Wapo pia watu binafsi ndani ya kanisa kubwa la Utah, lile la wamisionari wako, wenye mawazo hayo, ingawa viongozi wao wanashikilia kwamba ni historia.

Bei ya jibu hili hailipwi kwa udongo. Wapo watu kumi na mmoja waliotia sahihi kwamba waliyaona mabamba, na Moroni aliyemtokea Joseph ndiye yuleyule Mnefi aliyeyafukia. Ukisema Wanefi hawakuwapo, malaika ni nani?

Utasikia pia kwamba Biblia nayo ina mapengo. Ni kweli. Wana wa Israeli na miaka yao arobaini jangwani hawajaacha alama Sinai. Lakini Yerusalemu ipo, unaweza kupita leo ndani ya mfereji wa Hezekia maji yakikufika magotini, na jiwe la Tel Dan lililopatikana 1993 linataja nyumba ya Daudi. Ubishi wa Biblia ni nini kilitokea mahali tunapopajua. Kwa Wanefi bado tunatafuta mahali.

Usichanganye suala hili na lile la Kitabu cha Ibrahimu, andiko lao jingine. Huko hakuna pengo, kuna karatasi. Mwaka 1835 Joseph Smith na wenzake walinunua maiti nne zilizokaushwa za Kimisri pamoja na mafunjo, akasema moja lina maandishi ya Ibrahimu. Vipande vyake vilionekana kwenye makumbusho ya Metropolitan, New York, vikarudishwa kwa kanisa 1967. Wataalamu wa Kimisri, hata walio waumini, wanavisoma kuwa maandishi ya mazishi ya kuhani aitwaye Hor, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja baada ya Ibrahimu. Wengine wanasema funjo lenyewe lilipotea, wengine wanasema mafunjo yalikuwa kichocheo tu cha ufunuo. Kutoona kitu na kuona kitu tofauti ni mambo mawili, na hili la pili ndilo zito.

Basi, binamu, uchague lipi? Kama huwezi kuachana na maneno ya Joseph Smith jinsi alivyoyasema, chukua la tatu, ukubali kwamba udongo wa Ohio unakukataa. Kama unataka kusoma vitabu vizito na uko tayari kungoja miaka mingi, chukua la pili, na dira yake. La kwanza liache. La nne litakupa usingizi, lakini litakugombanisha na hao vijana wawili. Mimi nadhani kitabu ni zao la New York ya miaka ya 1820, na vilima vilivyoizunguka na maswali ya watu wake. Hayo ni yangu, hayakuzuii kukipenda.

Nilimtumia yote haya Ijumaa. Jumapili akawauliza wamisionari: Kumora ni moja au mbili? Wakamjibu kwa adabu kwamba kanisa halina msimamo kuhusu jiografia, na hilo ni sahihi, kanisa limelisema kwa maandishi. Jioni nikapata ujumbe wake: "La kwanza nimelifuta. La tatu nimelifuta. Hebu nitumie vizuri upana wa Tehuantepec, kwa kilomita, usinikadirie."